Imla na Kelele za Vigae

Nyumbani kwa kina Kuang, ghorofa ya tatu ya jengo la zamani la wafanyakazi wa kiwanda cha pamba, mwaka ule hata paka alihamishwa. Kosa lake lilikuwa kulamba sahani kwa sauti. Miguu ya viti ilivalishwa soksi kuukuu, kengele ya mlango ikakatwa waya, na redio ya Bibi Meijiao, ile aliyokuwa akisikilizia nyimbo za maigizo ya Hunan huku akikata vitunguu, ikafungiwa kabatini. Mwenye amri hizo alikuwa mkwe wake, Lirong, mwanamke mwembamba aliyeuza dawa katika duka la dawa karibu na stendi. Mumewe alikuwa mji wa mbali wa Dongguan akiunda viatu vya watu wengine, na alirudi Mwaka Mpya tu, kwa hiyo nyumba ilikuwa mikononi mwa Lirong, na Lirong alikuwa ameamua nyumba inyamaze.

Yote hayo yalikuwa kwa ajili ya masikio ya Siqi, binti yake wa pekee. Siqi alikuwa kidato cha mwisho, na mwezi wa sita ulikuwa unamsubiri na mtihani ule mkubwa unaoamua nani aende chuo kikuu na nani aende kuunda viatu. Hesabu aliziweza, insha aliziandika vizuri, na Kiingereza cha kwenye karatasi alikisoma kama ugali na mboga. Shida ilikuwa Kiingereza cha kaseti. Katika jaribio la majira ya baridi, kaseti ilipoanza kuzungumza, mwanafunzi wa nyuma yake alikohoa. Kikohozi kimoja tu. Mazungumzo ya kwanza yakampita, akakaa akiyawaza hayo yaliyompita, na ya pili nayo yakapita, na ya tatu, mpaka kaseti ikaisha naye akiwa anabahatisha majibu kama mtu anayecheza bahati nasibu. Mwalimu alimwita Lirong akamwambia waziwazi: masikio ya mtoto yakibaki hivi, chuo cha ualimu cha Changsha wasahau.

Basi Lirong akatangaza vita dhidi ya sauti. Na mama mkwe wake ndiye alikuwa sauti kubwa kuliko zote.

Meijiao alifuma nguo kiwandani tangu usichana wake mpaka kilipofungwa, katikati ya mitambo iliyonguruma mchana kutwa, na koo lake lilikuwa halijapata habari kwamba kiwanda kimefungwa. Akikusalimia uwanjani, mtu wa mtaa wa pili anaitikia. Alikulia mahali ambapo hata msiba una fataki na zumari, na kwake kimya kilikuwa kitu cha nyumba iliyohamwa. Alichokipenda zaidi duniani, baada ya mjukuu wake, ni majong, ule mchezo wa vigae, na majong haichezwi kwa kunong'ona. Kigae kisipogongwa mezani kikalia, umecheza nini sasa?

Mwalimu alikuwa ameagiza imla kila jioni nyumbani. Unawasha kaseti, sentensi moja inasemwa, unazima, mtoto anaandika, unarudisha, anasikiliza tena, anasahihisha. Mzazi anaangalia makosa kwa kalamu nyekundu, kisha anatia sahihi. Lirong alikuwa na zamu ya jioni, hivyo kazi ya kubonyeza mashine ilimwangukia Meijiao. Kiingereza chake chote kilikuwa vitufe vitatu: cha kwenda, cha kusimama na cha kurudi. Asubuhi Lirong ndiye alisahihisha, naye pia Kiingereza hakijui, lakini alilaza karatasi ya binti yake kando ya kitabu akalinganisha herufi kwa herufi kama mtu anayekagua noti bandia.

Majira ya kuchipua yalipofika, vyura wa bwawa la mayungiyungi nyuma ya jengo wakaanza mambo yao. Jioni ya kwanza Siqi akatupa kalamu.

"Bibi, siwezi! Nasikia vyura tu!"

Kesho yake Lirong, alipopata habari, akamkabidhi mama mkwe wake wavu na ndoo. Mimi nakwambia, mwanamke wa miaka sitini na kitu, suruali imekunjwa mpaka magotini, anazunguka bwawa akiwinda vyura mmoja mmoja! Majirani walitoka kwenye vibaraza na vikombe vyao vya chai kana kwamba ni sinema.

"Dada Meijiao!" alipaza sauti Long, rafiki yake wa tangu kiwandani, mnene na mwenye mdomo kuliko yeye. "Unavua nini huko?"

"Navua Kiingereza!"

"Kina minofu?"

"Kina miguu mirefu, njoo na pilipili yako!"

Vyura wale Long ndiye aliyewakaanga, maana jikoni kwa Lirong kukaanga kulikuwa kumeshapigwa marufuku kwa sababu mafuta yanachachatika.

Vyura walipokwisha, ungedhani mambo yatatengemaa. Wapi! Bwawa liliponyamaza Siqi akaanza kusikia saa ya ukutani. Saa ikaondolewa. Akasikia friji. Friji ikawa inazimwa kila saa moja jioni, na nyama ikawa inaliwa haraka. Jioni moja Meijiao alikuwa ameketi wima kandoni mwa mashine, mikono magotini, hata mate anameza kwa zamu, mtoto akamgeukia na macho yamejaa machozi.

"Bibi, unapumua."

"Napumua?"

"Unapumua kwa nguvu. Nakosa maneno."

"Sasa mjukuu wangu nikapumulie wapi?"

Akaenda kupumulia kwenye ngazi. Akakaa pale gizani, maana taa ya ngazi nayo ilikuwa inawashwa kwa kupiga makofi, na makofi yalikuwa hayaruhusiwi. Akakasirika. Tusimpambe: hakukasirika kwa sababu ya elimu ya mtoto. Alikasirika kwa sababu vigae vyake vilikuwa vimelala chini ya kitanda tangu Mwaka Mpya, na sasa hata pumzi yake mwenyewe ilikuwa kosa. Lakini akiwa pale ngazini akawaza pia jambo moja la haki: mtoto huyu kila anapoongezewa kimya, anaharibika zaidi. Dawa ikimzidishia mgonjwa homa, mtu mwenye akili anabadilisha dawa, hata kama mwenye kuitoa ni muuza dawa.

Kesho yake, Lirong alipoondoka tu kwenda zamu, Meijiao akavitoa vigae chini ya kitanda, akaviweka mezani na akawaita wenzake: Long, Zou na Peng. Wote wafumaji wa zamani, na wote wamebakiwa na nusu ya masikio kwa sababu ya mitambo ile.

"Mkwe wako akitukuta atatuchuna ngozi," alisema Peng, ambaye siku zote alikuwa mwoga.

"Yuko zamu. Paka akiondoka panya hutawala. Kaa."

"Paka si mlimhamisha?" akauliza Zou, ambaye masikio yake yalikuwa mabovu kuliko ya wote.

Siqi alitoka chumbani na kaseti mkononi, akawaona wale bibi wanne wamezunguka meza, akatoa macho.

"Bibi! Mtihani wangu!"

"Kaa hapo kwenye kona na mashine yako. Leo utabonyeza mwenyewe, mimi mikono yangu ina kazi."

"Sitasikia kitu!"

"Utajuaje? Tuwekeane dau. Sisi tunacheza, wewe unaandika. Asubuhi mama yako atasahihisha. Ukiwa na mistari myekundu mingi, jioni utatukanda miguu sote wanne. Ukiwa nayo michache, tutaimba utakachotuambia, huku tumesimama juu ya kiti."

"Miguu ya Long nayo?" Siqi aliuliza kwa hofu.

"Miguu ya Long nayo," alisema Long, akavua kiatu ili aone.

Jioni ile mtoto hakuandika chochote cha maana. Vigae vilikorogwa vikalia kama mvua ya mawe juu ya bati, Zou akalalamika kuwa ameibiwa kigae, Long akamjibu kuwa aliyeibiwa ni akili yake, na yule Mwingereza wa kwenye kaseti aliendelea kuuliza njia ya kwenda maktaba bila mtu wa kumwonyesha. Siqi akalaza kichwa juu ya karatasi akalia. Meijiao alipomwona moyo ulimchoma kwelikweli. Aliinuka akavikusanya vigae, akawa tayari kuviita vitu vya shetani na kuvirudisha uvunguni.

Long ndiye aliyemwokoa, bila kukusudia. Alicheka.

"Mwacheni mtoto," alisema huku akivaa kiatu. "Ameumbwa kwa karatasi. Vikohozi vya watu vitampeperusha."

Siqi aliinua kichwa. Alikuwa mjukuu wa Meijiao, usisahau.

"Kesho tena," alisema. "Na mtaimba."

Wakaja tena. Na tena. Kwanza mtoto alikanda miguu, na miguu ya wafumaji waliosimama maisha yao yote si mchezo. Lakini kadiri siku zilivyokwenda, hasira ilimfundisha asichofundishwa na mwalimu: neno likipita aliache lipite, akamate linalofuata. Zamani kila kelele ilikuwa msiba. Sasa kila kelele ilikuwa Long anayetaka kushinda, na Siqi alikuwa tayari kufa kuliko kumkanda Long. Wale bibi nao, walipoona wanaanza kushindwa, wakakosa haya. Peng mwoga alileta mfuniko wa sufuria. Zou aliigiza ugomvi wa ndoa, akawa mume na mke yeye peke yake. Mwisho Siqi naye akawa anagongagonga meza kwa kucha pale anaposubiri sentensi, tak-tak, kama mchezaji anayengoja zamu yake ya kigae.

Asubuhi, sokoni kwenye meza ya tofu, ile jibini ya soya, wenzake walimngoja Meijiao kama watu wanaongoja matokeo ya uchaguzi.

"Nyekundu ngapi?"

"Mbili."

"Uongo!"

"Moja ni nukta imesahaulika. Long, leo unaimba, na mtoto amechagua wimbo wa bibi harusi."

Kumbe wakati huo huo Lirong alikuwa akihesabu ushindi wake mwenyewe. Aliona nyekundu zinapungua, akaamini kimya kinazaa matunda. Basi akakizidisha. Alizunguka mlango kwa mlango, akiinama, akiomba: tafadhali msikate nyama kwa panga jioni, tafadhali msivute viti, tafadhali mzee wa ghorofa ya nne usipige chafya dirishani. Viatu vyake mwenyewe alivishonea soli za kitambaa asisikike akipanda ngazi. Majirani walichoka naye, lakini walivumilia, maana kila jengo lina mtoto wa mtihani, ama lilikuwa naye, ama litakuwa naye. Hata kelele zilizotoka nyumbani kwake mwenyewe kila jioni hawakumtajia, maana Long alikuwa ameshawaapisha wote. Meijiao alikuwa akimwona anavyohangaika, na kicheko kilikuwa kinamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Hakujua amwambie vipi. Kila siku aliyonyamaza, ukweli ulizidi kuwa mgumu kuutoa.

Jioni moja ya mwezi wa tano umeme ulikatika upande wa stendi, duka la dawa likafungwa mapema, na Lirong akarudi nyumbani na soli zake za kitambaa. Hakuna aliyemsikia. Alifungua mlango ulioshiba mafuta, akasimama.

Long alikuwa amesimama juu ya kiti anaimba. Peng anagonga mfuniko. Zou anamfukuza mume wake wa kuigiza. Meijiao alikuwa ameinua kigae juu, tayari kukibamiza, na mkono wake ukabaki hewani.

Kimya kikaanguka. Kile hasa alichokuwa akikitaka Lirong tangu majira ya baridi, sasa kilikuwa chake, na hakikumfaa.

"Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi Kiingereza sijui. Fedha za mwalimu wa ziada sina. Baba yake hayupo. Usiku silali nikijiuliza nimpe nini mtoto huyu. Nikaona kitu pekee ninachoweza kumpa ni kimya. Nimewapigia magoti majirani, mama. Nimempigia magoti yule mzee wa chafya. Na wewe ukakichukua hicho kimoja nilichokuwa nacho, ukakichezea majong."

Akaanza kulia, na alipoanza, miezi yote ile ilitoka: akalia kwa sauti, akamlaumu mumewe, akamlaumu Meijiao, akawalaumu vyura. Meijiao alishusha kigae mezani polepole. Aibu ilimshika mpaka masikio yakamwaka moto. Alikuwa amemfanyia mzaha mwanamke aliyekuwa akizama, na hata kama mzaha ulikuwa na faida, ulikuwa umemcheka mtu asiyekuwepo. Alifungua kinywa akakosa neno, jambo ambalo Long alikuja kulisimulia miaka mingi baadaye kama muujiza.

"Nisamehe, mwanangu," alisema hatimaye. "Nilikuwa nataka kucheza. Mengine yalikuja yenyewe."

Hapo Siqi akavuta kiti chake chenye soksi mpaka katikati ya chumba.

"Mama, usinyamaze."

"Nini?"

"Endelea kulia. Endelea kumgombeza bibi. Tafadhali, kwa nguvu."

Akachomeka kaseti ambayo alikuwa hajaifungua, kanda ya jaribio jipya kutoka kwa mwalimu, akabonyeza. Lirong alimtazama kana kwamba mtoto amerukwa na akili, na hilo likamliza zaidi. Basi kaseti ikazungumza na mama akalia, kaseti ikauliza na mama akauliza kosa lake ni nini kwa Mungu, na Siqi akaandika, kichwa kimeinama, ukucha unagonga meza, tak-tak, mpaka mwisho. Kisha akampa mama yake karatasi, kitabu na kalamu nyekundu.

Lirong alipokea kwa mazoea tu. Machozi yakiendelea kumtiririka, alilaza karatasi kando ya kitabu, akaanza kulinganisha herufi kwa herufi. Kalamu ilishuka mstari wa kwanza, wa pili, ikafika chini kabisa. Haikugusa karatasi. Akarudi juu akaanza upya, maana alikuwa mtu wa uangalifu.

"Nani ameshinda?" Long alimnong'oneza Peng, na mnong'ono wa mfumaji unasikika mpaka ghorofa ya kwanza.

Lirong alifunika kalamu. Aliwatazama wale bibi, mmoja baada ya mwingine, akamtazama binti yake, kisha akauliza kwa ukali ule ule wa siku zote:

"Kesho mnaanza saa ngapi? Nitabadilisha zamu."

Na tangu kesho yake alikuwepo. Kucheza hakujua, lakini mfuniko wa sufuria aliupiga vizuri kuliko Peng.

Siku ya pili ya mtihani, alasiri, ilikuwa zamu ya Kiingereza. Mji mzima ulinyamaza kama unavyonyamaza kila mwaka. Askari alisimama njia panda ya shule akizuia malori, madereva wa teksi wakazima injini, mafundi wa jengo jipya wakashuka kwenye ngazi zao wakalala kivulini. Nje ya geti wazazi walisimama chini ya miavuli ya jua, vidole midomoni. Lirong alikuwa ameushika mkono wa mama mkwe wake mpaka vidole vya Meijiao vikafa ganzi. Hapakuwa na hata ndege. Meijiao alitazama juu ya ukuta wa shule, akapata hofu ambayo hakuwahi kuifikiria: je, mtoto aliyezoea vita atafanyaje kwenye kimya kama hiki?

Kengele ililia, geti likafunguliwa, askari akaachia magari, na kelele za mji zikarudi zote kwa pamoja kama maji yaliyofunguliwa. Watoto wakamiminika. Siqi alikuja mbio, uso umemwiva.

"Vipi? Masikio?" Lirong alipaza sauti.

"Nimesikia yote, mama. Yote! Hata yule mwanamke wa kwenye kaseti alipovuta pumzi." Akashusha macho. "Ila kulikuwa kimya mno. Nilitishika. Nikaanza... vidole vyangu vilianza vyenyewe. Nikawa nagonga meza. Msimamizi alikuja akanishika mkono mara mbili."

Meijiao alibanwa na kicheko. Alikuwa bado anakimeza aliposikia mwanamke mmoja nyuma yao, mwenye blauzi ya bluu, amemshika mkono kijana mrefu mwembamba, anafoka mbele ya umati.

"Ni nani yule msichana? Mwanangu anasema kuna msichana aligongagonga meza mpaka mazungumzo mawili yakampita! Mawili! Mwaka mzima nimemfunga jogoo wa jirani mdomo kwa kamba! Mwaka mzima natembea kwa ncha za vidole nyumbani kwangu! Ana mama kweli yule?"

Kijana alikuwa ametazama chini, na masikio yake yalikuwa mekundu. Meijiao alimvuta mkono mjukuu wake kuelekea vichochoroni, maana maisha yalimfundisha kwamba penye umati mwenye akili huyeyuka.

Lirong hakuvutika. Alimtazama yule mwanamke muda kidogo, blauzi imelowa jasho, viatu vya soli laini. Kisha akamwendea.

"Ni wangu," alisema. "Yule msichana ni binti yangu. Mama yake ni mimi."

Yule mwanamke alimwangalia kwanza kama haamini. Halafu mlango wa maneno ukafunguka. Alimwita mlezi mbaya, alimwita mwizi wa maisha ya watoto wa wenzake, alilia, alipiga kifua, akarudia habari ya jogoo tangu mwanzo. Honi zilikuwa zinalia pande zote na ikambidi apaze sauti zaidi ya hapo. Watu walisimama kutazama.

Meijiao hakuweza kuvumilia. Alijipenyeza katikati yao, akainua kidole na kukiweka mdomoni.

"Sss, dada yangu, taratibu, mji mzima unatutazama..."

Lirong alikishusha kile kidole, akakishika mkononi mwake.

"Mwache apige kelele, mama," alisema. "Namsikiliza."